Mguu wa Tano wa Mzee Hapana

Kwa miezi minane binti alisugua. Asubuhi alisugua, mchana alisugua, na kila Jumapili alipompigia mama yake simu, baada ya shikamoo na marahaba, swali lilikuwa lile lile.

"Haya mwanangu, umeshamvalisha mtu mguu?"

"Bado, mama. Nasugua."

"Miaka minne ya chuo kikuu, ukapanda ndege mbili, na bado unasugua?"

"Nasugua, mama."

Mama alikuwa fundi cherehani, mtu asiyepata usingizi ikiwa nguo ya mteja haijaisha, na jambo hili lilimkera kuliko alivyosema. Alishusha pumzi mpaka simu ikakwaruza, kisha akauliza habari za baridi. Baridi angalau ilikuwa na maelezo.

Binti alikuwa mtengeneza miguu bandia. Kwao aliisomea kazi hiyo, akahitimu akiwa wa kwanza darasani, na kabla ya kuondoka alikuwa amewatengenezea watu miguu mia moja na kumi na tatu. Chuo chake kilimleta katika nchi hii kwa miaka mitatu, azijue mashine mpya, arudi awafundishe wenzake. Mpango ulikuwa safi kabisa kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba karatasi nazo zina wenyewe. Bodi ya hapa iliipokea shahada yake, ikaigeuza mbele na nyuma, ikaigonga mhuri, kisha ikamweleza kwa upole kwamba mhuri ule ulimaanisha shahada imeonekana, si kwamba imetambuliwa. Asimguse mgonjwa hadi afaulu mtihani wa vitendo. Mtihani wenyewe hufanywa mara moja tu. Akishindwa, kibali chake kinakwisha mwisho wa mwezi na safari ya miaka mitatu inageuka kuwa miezi tisa ya vumbi.

Wakati akisubiri tarehe, karakana ilimpa kazi isiyohitaji leseni: kulainisha kingo za miguu iliyotengenezwa na wengine. Vumbi jeupe lilimkaa kwenye nyusi na ndani ya masikio. Haikupita wiki ya pili, wenzake wakambatiza Msasa. Mwingine angenuna. Yeye aliitika, akaendelea kusugua, na vidole vyake vikawa vikali kiasi kwamba aliweza kupapasa ukingo akiwa amefumba macho na kusema ni wapi utakapomchubua mtu baada ya hatua mia mbili.

Jumamosi, wengine walipowahi kwenda nyumbani, Msasa alibaki na kopo la mafuta. Kwenye kona ya karakana palikuwa na cherehani ya zamani ya kukanyaga kwa miguu, iliyokuwa ikishonea mikanda ya ngozi hadi ilipoletwa ya umeme ikaistaafisha. Watu waliigeuza meza ya vikombe vya chai. Yeye aliondoa vikombe, akaitia mafuta, akazungusha gurudumu kwa mkono na kuusikiliza mlio wake. Hakuwa na sababu yoyote ya maana. Alikua chini ya cherehani kama ile, akiokota vifungo, na mlio ule ulimpunguzia hamu ya nyumbani.

Mkuu wa karakana, ambaye ndiye bodi ilimteua kuwa mtahini, walimwita Mzee Timazi. Mfukoni hakukosa uzi wenye risasi ya shaba chini yake, kama ule wa mafundi ujenzi, na kila mguu uliotoka mikononi mwa mtu aliuning'inizia uzi huo. Ukinyooka, aliguna. Usiponyooka, hakuguna, na kimya kile watu walikiogopa kuliko matusi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba kila kitu duniani kina fomu yake, na kwamba shida zote huanza pale mtu anaporuka kisanduku.

Siku moja alimkuta Msasa akipiga soga na mgonjwa aliyekuwa akisubiri zamu.

"Ulikuwa unamuuliza nini?"

"Nilimuuliza miguu yake inafanya kazi gani. Mwalimu wangu wa kwetu alikuwa anaanza na swali hilo kabla hata ya kuchanganya plasta."

"Mguu haufanyi kazi, Msasa. Mguu unatembea," alisema Mzee Timazi. "Fuata fomu."

Akaufuata ushauri huo, au angalau alinuia kuufuata.

Mtihani ulipofika, watahiniwa walichota vijikaratasi kutoka kwenye kopo ili kila mmoja apate mgonjwa wake. Msasa alikifunua chake, na mmoja wa wenzake waliochungulia begani pake akasema, "Pole sana," kama anayetoa rambirambi. Alikuwa amempata Mzee Hapana.

Mzee Hapana alipoteza mguu wa kulia, chini ya goti, miaka miwili iliyopita. Tangu hapo karakana ilikuwa imemtengenezea miguu minne. Yote minne aliivaa, akatembea nayo hatua kumi, akasema "hapana," akaenda kuifungia kabatini. Na kanuni ya mtihani ilikuwa wazi: mguu unyooke kwa timazi, na mgonjwa mwenyewe atie sahihi kwamba ameukubali. Kimoja kikikosekana, umeshindwa.

Alikuja kupimwa akiwa na magongo, na mkewe, na ndara moja katika mguu wake mzima. Alikuwa mtu mfupi mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri na uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Msasa alishika fomu, akaanza kwa adabu kama alivyoagizwa.

"Mzee, unakimbia?"

"Hapana."

"Unapanda milima?"

"Hapana."

"Unaendesha baiskeli? Unacheza dansi?"

"Hapana. Hapana."

"Anacheza sana," alidakia mkewe, "ila kwa mdomo tu."

Msasa alicheka, na kicheko kikamponza. Akaiweka fomu pembeni, akachuchumaa mbele ya kiti, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, akamtazama yule mzee usoni. "Basi niambie tu, mzee wangu. Miguu yako inafanya kazi gani?"

Mzee Hapana aliutazama mguu wake mzima. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jina la marehemu, "Ilikuwa inakanyaga cherehani."

"Ya kukanyaga? Si ya umeme?"

"Ya umeme inanikimbiza. Mimi si mwizi."

Pale fomu ilisahaulika. Msasa alimwambia kuhusu mama yake, na mzee akaeleza kwamba alizoea kukanyaga kwa miguu miwili tangu ujana wake. Akijaribu kwa mmoja gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Na ile miguu minne? Yote iliparamia kikanyagio kwa ncha ya vidole, ikateleza. Cherehani yake sasa ilikuwa imefunikwa shuka mwaka wa pili, na mkewe alisema nyumba imekuwa na kimya cha wagonjwa.

"Hata ugomvi wetu umepoa," alisema mama yule. "Zamani tulikuwa tunagombana kwa sauti ili tuishinde cherehani. Sasa tukigombana, majirani wanasikia kila neno. Aibu."

Msasa alikifunga kigutu kwa bendeji za plasta, akazipapasa mpaka zikakauka, akakumbuka kwamba bado kuna visanduku vitupu. Akavijaza upesi. Kimojawapo kiliuliza kimo cha kisigino cha kiatu. Alitupia jicho ile ndara iliyokuwa bapa kama chapati, akaandika sifuri.

Hapo ndipo alipokosea, na tulieleze kosa lenyewe, kwa sababu fundi yeyote wa nchi hii asingelifanya hata akiwa na homa. Mguu wa bandia hauna kifundo kinachojikunja chenyewe. Ukiutengeneza kwa unyayo mtupu kisha ukauvika kiatu chenye kisigino, kisigino kinauinua nyuma, na mtu mzima anasukumwa mbele kama aliyesimamishwa kwenye mteremko. Ndiyo maana mafundi wa hapa huanza kwa kuuliza viatu vya kutokea. Lakini kwao Msasa watu walikuja na walichokivaa, na walichokivaa ndicho walichokuwa nacho. Wengi walikuja na ndara, wengi hawakuja na chochote. Miguu mia moja na kumi na tatu, na hakuwahi kupima kisigino hata kimoja. Isitoshe, kichwani alikuwa anamwona mama yake kwenye cherehani, na mama yake hakuwahi kukanyaga cherehani na viatu. Mzee Hapana naye hakuwahi. Hakuna aliyemwambia mwenzake, kama vile hakuna anayekukumbusha kwamba chakula hupitia mdomoni.

Alifanya kazi siku tisa, na zilikuwa siku za raha. Alimimina plasta ndani ya bendeji, akapata umbo la kigutu, akalichonga pale panapobeba uzito na kulinenepesha pale palipo na mfupa. Akaingiza bamba la plastiki kwenye oveni hadi likalegea, akalifunika juu ya umbo lile, likanywea na kuwa kikombe cha kupokea kigutu. Kingo alizisugua yeye mwenyewe, na hakuna aliyezisugua vile katika karakana ile tangu ijengwe. Kisha akaenda stoo kuchukua unyayo wa kisigino sifuri. Boksi lake lilikuwa rafu ya chini kabisa, limejaa vumbi la miaka. Alilifuta kwa mkono wa koti bila kujiuliza kwa nini hakuna mtu aliyewahi kuligusa.

Siku ya mguu kukaguliwa, Mzee Hapana alifika amepiga suti. Mkewe alikuwa amemwambia kwamba mbele ya watahini mtu haendi na ndara. Alivaa kiatu kimoja, kingine kikiwa mkononi mwa mkewe: viatu vyeusi vinavyong'aa, vya ngozi tupu, vyenye visigino virefu vya vidole viwili na ushee.

Msasa hakuviangalia. Alikuwa anaangalia kingo.

Akamvisha mguu, mke akamvisha mumewe kiatu cha pili na kufunga kamba, na mzee akasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Hatua ya kwanza, goti likachomoka mbele. Ya pili, likachomoka tena. Ya tatu akavikamata vyuma kwa mikono yote miwili.

"Hapana," alisema.

Mzee Timazi aliteremsha uzi wake. Risasi ya shaba ilining'inia mbali na mahali pake, upana wa kiganja kizima. Hakuguna.

Msasa aliufuata uzi kwa macho hadi sakafuni. Aliwaza simu ya Jumapili. Aliwaza chuo chake, wenzake waliomsindikiza, mwalimu wake aliyemwambia usirudi kabla hujatuletea kitu. Kisha akapiga magoti, macho yake yakawa sawa na viatu, na ndipo alipoviona.

"Kisigino," alisema. "Sikukipima. Niliandika sifuri." Hakutafuta mtu wa kumsingizia, wala hakuisingizia ndara. "Kosa ni langu, Mzee Timazi. Naomba tuvivue nione mguu peke yake."

Walivivua viatu vyote viwili na soksi juu. Mzee Hapana akasimama kwa unyayo mmoja wa nyama na mmoja wa mpira. Akapiga hatua, ya pili, ya tano. Kwenye ya saba aliviachia vyuma na hakujua kwamba ameviachia. Risasi ya shaba ilisimama palepale ilipotakiwa, ikatulia tuli.

Mzee Timazi alitoa kitu kilichokaribia kuwa mguno, akajizuia. "Mtihani hufanywa kwa viatu," alisema. "Mtu haendi sokoni pekupeku. Una dakika arobaini. Legeza skrubu za kifundo, uulaze mguu upate kukubaliana na kisigino. Ukiweza, vizuri. Usipoweza, basi."

Haikuwa kazi ngumu. Msasa aliifuata spana mezani huku roho ikianza kumrudi. Aligeuka, na kati ya vyuma viwili hapakuwa na mtu.

Mzee Hapana alikuwa ameshafika kwenye kona. Ameondoa vikombe vya chai, amevipanga sakafuni kwa heshima, amevuta kigoda, ameketi. Aliweka unyayo wa kushoto juu ya kikanyagio, kisha wa kulia. Ule wa kulia, tofauti na ile minne iliyotengenezwa ikae ndani ya kiatu cha kisigino, ulilala bapa, wote, kisigino na vidole, kama uliokuwa ukingojewa. Alichomoa leso mfukoni, akaikunja ukingo, akaiweka chini ya sindano, akalisukuma gurudumu kidogo kwa kiganja.

Cherehani ikaanza.

Ilianza polepole, ikashika kasi, ikapiga ule mlio wa mvua ya kokoto, bila kukwama wala kulia, maana kila Jumamosi kuna mtu aliyeitia mafuta bila sababu ya maana. Wafanyakazi waliacha mashine zao wakasogea. Mzee hakumtazama yeyote. Alishona ukingo mmoja wa leso, akaigeuza, akashona wa pili, wa tatu, wa nne, na leso ikaisha, na bado alikuwa anakanyaga. Machozi yalimteremka mpaka kwenye masharubu na yeye alikuwa anacheka. Mkewe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Furaha ile haikuwa na mahali pa kujificha, na hakuna aliyejaribu kuificha.

Msasa alimkaribia na spana yake. "Mzee, ngoja nikurekebishie kidogo tu, dakika kumi..."

"Hapana!"

"Ni skrubu nne, mzee wangu."

"Nimesema hapana. Mtu asiuguse. Huu ni wangu." Akaukumbatia ugoko wa plastiki kama anayeficha mtoto.

"Lakini mguu usipokubaliana na viatu nitashindwa mtihani. Nitarudishwa."

Hapo mzee alisita. Alimtazama binti, akautazama mguu, na mkewe akamtazama yeye kwa jicho ambalo watu waliooana muda mrefu hulielewa bila tafsiri. Mzee Timazi alikohoa. "Zimebaki dakika thelathini na moja. Kanuni ya timazi inasema mguu na kiatu vipatane."

Msasa alisimama na spana mkononi. Vipatane. Aliirudia kanuni ile moyoni, taratibu, mara mbili. Kisha akaiweka spana mezani.

"Naomba kuisoma kanuni," alisema. Mzee Timazi akamwonyesha. Akaisoma yote, hadi nukta. "Inasema vipatane, Mzee. Haisemi nani amfuate mwenzake."

"Una maana gani?"

"Mguu tayari uko sawa. Kilichokosea ni kiatu."

Watu wote walivigeukia viatu. Mzee Hapana alikuwa wa kwanza kuelewa, akabadilika rangi. Alivitazama viatu vyake kwa huzuni ya mtu anayeagana na ndugu.

"Visigino vyangu?" alinong'ona.

Mkewe aliangua kicheko cha kutoka tumboni, akamsogelea, akasimama naye bega kwa bega. Alimzidi kwa kichwa kizima, ukiacha nywele. "Jamani, nyumbani tunajua siku zote nani mrefu. Ni huko nje ndiko anakodanganya watu, mwaka wa thelathini na moja huu! Mzee, chagua. Urefu au cherehani?"

"Mtaa mzima utajua," alisema mzee.

"Utajua tu. Na utasikia pia cherehani yako. Na mimi nitapata pa kugombania."

Mzee Hapana alivuta pumzi, akavuta masharubu, akampa Msasa viatu. "Kata," alisema.

Sasa, kama kuna kazi moja ambayo binti huyu aliiweza kuliko mtu yeyote chini ya paa lile, ni kusugua. Aliviondoa vipande vya ngozi vya kisigino kimoja kimoja kwa patasi, akaiwasha mashine ya msasa, akakaza macho. Vumbi la ngozi likaruka. Aliposimamisha mashine alipapasa kwa kidole gumba, akaiwasha tena, akapapasa. Pua za viatu ziliinuka kidogo, kama za mtu mwenye majivuno, basi akakata kipande cha mpira, akakigandisha chini ya vidole kuziba pengo, akakilainisha hadi kiungo kikapotea kabisa. Cha kulia, kisha cha kushoto. Alivilinganisha juu ya meza, akaviona mapacha. Zilikuwa zimebaki dakika tano.

Mzee Hapana alivaa, akasimama. Hakushika vyuma. Alitembea hadi mlangoni na kurudi, akaenda tena, akazunguka kwa mguu mmoja ili kumwonyesha mkewe kwamba hata ile dansi haikuwa ya mdomo tu. Mzee Timazi alichuchumaa, magoti yakalia, akateremsha uzi. Akangoja utulie. Akaangalia kwa jicho moja, akaangalia kwa la pili.

Akaguna. Mguno mrefu, wa kutoka ndani, ambao wafanyakazi waliusimulia wiki nzima.

Hakuinuka mara moja. Alibaki amechuchumaa, akiuzungusha uzi kwenye kidole. "Wa tatu niliutengeneza mimi," alimwambia Mzee Hapana. "Niliupima mara kumi. Ulikuwa umenyooka."

"Ulinyooka kweli, kaka," alijibu Mzee Hapana. "Sina ubishi. Ila haukujua kuketi na mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama napanda milima."

Mzee Timazi alitikisa kichwa kwa muda, kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu kisichozoea kutumika. Alichukua kalamu. "Nakukata alama sita," alimwambia Msasa, "kwa kutopima kisigino. Sitaki utetezi."

"Sina utetezi, Mzee. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa nimewajua."

"Zilizobaki zinatosha. Umefaulu." Akamgeuzia mgonjwa karatasi. "Hapa chini, sahihi. Umeukubali mguu?"

Watu wote walimtazama mzee. Yeye aliinyoosha suti, akaifurahia hadhira yake, akachelewa makusudi. Kisha akasema neno ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisikia likitoka katika kinywa kile.

"Ndiyo."

Jumapili ile simu ilipita haraka kwenye shikamoo.

"Haya mwanangu, umeshamvalisha mtu mguu?"

"Nimemvalisha, mama. Fundi cherehani."

Kwenye simu palisikika kishindo cha kiti, kisha vigelegele, kisha sauti ikiwaita majirani, kisha tena vigelegele, safari hii vya watu wengi. Mama aliporudi hewani alikuwa anahema. "Anakanyaga vizuri?"

"Anakanyaga kukushinda wewe."

"Muongo," alisema mama, na akalia kwa furaha bila kujitetea.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, leseni ya Msasa ilitundikwa ukutani. Mzee Timazi mwenyewe aliinyoosha kwa uzi wake. Saa tatu akaingia mgonjwa wa kwanza, mama wa makamo mwenye kikapu mkononi na gongo moja. Msasa alikuwa anavaa koti, hajafunga hata vifungo, alipoona mkuu wa karakana amemtangulia. Mzee Timazi alikuwa na fomu mkononi. Aliutazama ukurasa wa kwanza, akautazama wa pili, kisha akailaza mezani kifudifudi na kuweka risasi yake ya shaba juu yake isipeperuke.

"Karibu, mama," alisema. "Hebu kwanza niambie. Miguu yako inafanya kazi gani?"

Msasa alijifanya anatafuta penseli, akainama kwenye droo mpaka macho yalipokauka.

Yule mama aliweka kikapu chini. "Ehee," alisema. "Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Una muda?"

Mzee Timazi akavuta kigoda cha cherehani, akaketi.

"Ninao."